Riwaya Yangu Sasa Inapatikana kwa Shilingi 20, Njugu Ndani

Kwa kuwa Redio ameshazunguka mtaa mzima wa Umoja, hapa Nairobi, akiwaambia watu kwamba nililia ndani ya matatu na kununua ndoo nzima ya njugu, naomba na mimi nisikizwe. Sikulia. Lilikuwa vumbi. Na ndoo haikuwa nzima.

(Redio si jina alilopewa na wazazi. Wanaomjua wanajua alilipataje. Msiomjua, shukuruni Mungu na mfunge madirisha.)

Kwamba ninaandika riwaya mnajua, maana sijawapa nafasi ya kutojua. Mnajua pia nilikuwa nikitafuta mtu mmoja tu aisome na kuniambia ukweli, kwa sababu watu wa kwetu hawana msaada. Mama alisema ni nzuri sana, akauliza kama nimekula. Kaka alinijibu kwa vidole gumba na picha ya moto. Mjomba ndiye aliyenimaliza. Alinipigia simu kabisa, akasifu jinsi hadithi ilivyoisha, eti mwisho ulimtoa machozi. Nilikuwa nimemtumia sura tatu za kwanza.

Redio yeye alisema ataisoma wikendi. Hakusema wikendi ya mwaka gani.

Basi akapatikana mhariri mmoja mstaafu aliyekubali kuupitia mswada, lakini kwenye karatasi, maana macho yake na skrini hayaelewani. Na mimi nilikuwa na tamaa zangu. Ile Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na hotuba yangu ya shukrani ilikuwa tayari kabla ya sura ya kumi. Nikaenda saiba moja mjini, kurasa mia mbili na ushei, shilingi 10 kila ukurasa. Hesabu fanyeni wenyewe, mimi bado inaniuma. Mashine ikaanza kutema karatasi zenye mstari mweusi kutoka juu hadi chini. Kijana wa saiba akasema pole brathe, ni wino, akazirusha zote kwenye katoni chini ya meza, akaanza upya. Sikuuliza ile katoni huenda wapi. Wewe ungeuliza?

Huenda soko la Muthurwa.

Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, karatasi katika mji huu haifi. Mtihani wa hesabu unafunga mandazi. Barua ya kumfukuza mtu kazi inafunga maharagwe ya kuchoma. Hayo yote nilikuwa nayaona, na yalikuwa yananichekesha.

Sasa, jioni yenyewe. Jogoo Road, matatu ya watu 14, jam imekaza pale mzunguko wa City Stadium. Mimi na Redio tuko kiti cha nyuma kabisa. Mbele yetu kuna mama wa makamo mwenye mzigo wa Gikomba magotini, na kando yake mzee wa koti, kalamu nyekundu mfuko wa shati. Mwalimu. Hakuhitaji kujitambulisha. Kijana wa njugu akapita dirishani, mama akachukua ya mbao, yaani shilingi 20, Redio akachukua ya mbao. Mimi nilisema sina njaa.

Mama akala bila haraka. Akatikisa kifuko, akamimina chumvi iliyobaki kiganjani, akailamba. Halafu akakunjua karatasi, na pale katikati, kutoka juu hadi chini, nikaona mstari mweusi.

Twende polepole hapa, kwa sababu hata mimi nililiona polepole. Kwanza nikaona mstari. Kisha nikaona jina la Furaha. Kisha mama akaisogeza karatasi mbali kidogo na uso, kama wafanyavyo watu wa umri wake wasiotaka kununua miwani, akakohoa, akaanza kusoma. Kwa sauti.

"Furaha alisimama chini ya mjakaranda, machozi yakimtiririka mfano wa Mto Tana wakati wa masika, na moyo wake ukadunda, ukadunda tena, ilhali jua likichomoza na yeye hana wa kumfuta machozi."

Akanyamaza. Akageuza karatasi nyuma, hakuna kitu. Akarudi mbele.

"Huyu msichana analia nini?"

Aliuliza gari zima. Hakuna aliyejua. Mwenye kujua alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu visivyo na kamba.

"Amelia kuanzia huku juu mpaka hapa karatasi ilipokatwa," mama akaendelea. "Hajasema amefiwa. Hajasema ameachwa. Mimi nina watoto wanne. Mtoto akilia hivi bila sababu, hiyo ni minyoo."

"Hebu rudia pale pa moyo," makanga akadakia kutoka mlangoni. Mama akarudia. "Ukadunda, ukadunda tena! Si apelekwe hospitali ya Kenyatta?"

Watu wakacheka. Redio akacheka kuliko wote, maana bado hakuwa amejua, na kicheko chake cha kutojua ndicho kiliniumiza zaidi. Yule mzee akanyoosha mkono. "Lete nione." Akatoa miwani. Akatoa kalamu. Jamani, niliisikia ile kalamu ikifunguliwa, na tumbo langu likarudi darasa la sita.

"Jua linachomoza hapa," akasema, akakwaruza. "Na hapa chini, kabla msichana hajasogea hata hatua, linachomoza tena. Ni siku mbili, ama ni majua mawili?" Akakwaruza. "Huyu mtu Kiswahili anakijua, lakini anakivaa kama suti ya kuazima. Aache kutupamba. Atwambie msichana amefanywa nini."

Ushauri wa kweli niliokuwa nikiutafuta, ndio huo, bure, na mimi nilitamani mlango ufunguke nishukie barabarani. Badala yake mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Labda sababu iko ukurasa uliotangulia."

Mama akageuka. "Wewe umejuaje kuna ukurasa uliotangulia?"

"Vitabu... huwa na kurasa, mama."

"Na nani amesema ni kitabu?"

Wakati huo, kando yangu, Redio alikuwa amemaliza njugu zake. Nikaona vidole vyake vikianza kukunjua. Nilitaka kumshika mkono. Sikuwahi. Katika mswada mzima, wa karatasi zote zile, yeye alikuwa amefungiwa jalada: kichwa cha riwaya, majina yangu yote matatu, nambari ya simu, na chini yake, "Kwa wote walioniamini." Akayasoma yote kwa sauti ya taarifa ya habari ya saa moja. Nambari akairudia, kwa wale ambao hawakupata kalamu.

Dereva akazima muziki. Macho yake yakanijia kupitia kioo. Mama akaniangalia, akaangalia karatasi, akaniangalia tena.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Pole."

Hakuwa akinicheka. Alisema pole ile ya matanga. Nikajaribu kujituliza kwa historia. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya nzima juu ya karatasi za choo, na zile karatasi zikaja kuwa kitabu. Mimi nilianza na A4 safi, na angalia nilipofika.

Halafu mama akasoma mstari wa mwisho, ule niliodhani amesahau. "Akamsogelea, akamnong'oneza: Furaha, yule mtoto..." Mkasi ulikuwa umepita hapo hapo.

"Yule mtoto amefanya nini?"

Nikafungua mdomo nieleze. Mwalimu akainua kalamu. "Usituambie. Kama haiko kwenye karatasi, haiko."

Basi mama akatoa kichwa dirishani. "We wa njugu! Rudi! Lete zote!"

Yule kijana alirudi mbio kati ya magari, hajui heri gani imemshukia. Vifuko vikafunguliwa gari zima, njugu zikimiminwa mapajani, kwenye mikoba, kwenye kofia ya makanga, watu wakitafuta nusu ya chini ya ukurasa wa 47. Mtu akapata ukurasa wa 12. Msichana wa kiti cha mbele akapata wa 150 na kulalamika kwamba sasa ameshajua nani anakufa. Na mimi pia nilinunua, ndiyo, kwa sababu maisha yangu yote sijawahi kumwona mtu akitaka kujua kinachofuata katika kitu nilichoandika, na hapo ndipo lile vumbi lilipoingia.

Nusu ya chini haikupatikana. Jam ikaachia, mama akashuka Donholm, mwalimu akanirudishia karatasi yenye 38 kwa 100 na maneno "jaribio zuri." Furaha sasa analia mstari mmoja, na jua limechomoza likatulia. Mhariri bado hajapiga simu. Mama amepiga, nambari si anayo. Anauliza yule mtoto.

Ombi moja kwa mnaotumia Jogoo Road. Katika ukurasa wa 103 yule mwanamke mchawi bado anaitwa jina halisi la shangazi yangu, sikuwahi kulibadilisha. Ukiupata, kula njugu, karatasi chana. Shangazi hushukia Burma kila jioni, na njugu huwa hazimpiti.