Kukanyagia mguu baada ya upasuaji wa gegedu la goti: mapema au kusubiri?

Madaktari wa mifupa wengi humwacha aliyetengenezewa gegedu la goti (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) atembelee magongo wiki 6 hadi 8, mguu ukigusa sakafu tu, na uzito kamili waukubali kwenye wiki ya 10 hadi 12. Wengine wanaruhusu uzito kamili kwenye wiki ya 6 au ya 8.

Wanaosubiri wana hoja nzito. Mfupa ukitobolewa ili damu ijaze pengo, kinachoanza pale ni donge laini. Chembe hai za gegedu zilizokuzwa maabara na kupandikizwa nazo huchukua wiki kadhaa kushika. Hatari kubwa zaidi ni mkwaruzo: goti kupinda likiwa limebeba mwili, au kugeuka ghafla juu ya mguu uliokanyaga. Pandikizi likibanduka, huenda mtu akarudi kisuni.

Lakini gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa goti, unaosukumwa ndani na nje kila linapobanwa na kuachiwa. Mguu usiofanya kazi hukakamaa, msuli wa mbele wa paja hunywea upesi, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa. Tena, majaribio yaliyolinganisha wiki 8 na wiki 11 kwa waliopandikizwa chembe hayakuonyesha kwamba walioharakishwa walipoteza pandikizi zaidi.

Kwangu mimi, kuhesabu wiki bila kujua jeraha liko wapi ni kosa. Likiwa nyuma ya pia ya goti, mguu ulionyooka hauligandamizi sana, kwa hiyo mgonjwa anaweza kukanyaga mapema akiwa na kifaa cha kushikilia goti kilichofungwa kwenye nyuzi 0, yaani goti limenyooka. Anachokatazwa ni ngazi na kuchuchumaa. Likiwa kwenye ncha ya chini ya mfupa wa paja, sehemu inayobeba uzito, mambo hugeuka: kukunja goti bila mzigo kunasaidia, uzito ndio unaosubiri. Menisko, kipande cha gegedu kilicho kama mto kati ya mfupa wa paja na wa muundi, ni habari nyingine. Iliyopunguzwa kidogo, watu hutembea siku hizo hizo. Iliyoshonwa kwenye mzizi wake hukaa takriban wiki 6 bila uzito.

“Kanyaga kidogo” ni agizo linalowaponza wengi, maana mguu haujui kilo. Tumia mizani ya kupimia uzito. Mwenye kilo 70 aliyeruhusiwa asilimia 20 aubonyeze mguu hadi isome 14, arudie mpaka auzoee mkazo huo, kisha atembee. Baada ya hapo mzigo huongezwa kwa hatua. Goti likiamka limevimba kuliko jana, rudi hatua moja nyuma: uvimbe huuzima msuli wa paja, na msuli uliozimika hauwezi kulikinga goti. Magongo yasiachwe kwa sababu tarehe imefika. Yaachwe mgonjwa anapoinua mguu ulionyooka bila goti kulegea na kutembea bila kuchechemea.

Kabla ya kutoka hospitali, omba maandishi ya mambo manne: mahali pa jeraha, ukubwa wake, aina ya upasuaji, na nyuzi za kukunja zinazoruhusiwa. Bila hayo, mtaalamu wa tiba ya viungo atalazimika kufuata ratiba ndefu hata pale isipohitajika.