Mgonjwa wa Utumbo Haachi Dawa kwa Kusahau

Mtu mwenye ugonjwa sugu wa utumbo, uwe ni ule wa Crohn au ule wa vidonda vya utumbo mpana, anaporudi kliniki akiwa anaharisha damu upya, aghalabu huulizwa kwanza kama alikuwa anasahau kumeza dawa. Naliona swali hilo kuwa na kasoro, kwa kuwa linampa jibu rahisi la kujikinga nalo, ilhali wengi huwa wameacha kwa makusudi na wana sababu zao.

Sababu kubwa ni kwamba walipona, au walijiona wamepona. Magonjwa haya huibuka na kutulia, na mesalazini, dawa inayotumiwa sana kwa vidonda vya utumbo mpana, hutolewa wakati wa utulivu ili kuzuia ugonjwa usirudi, kazi ambayo mgonjwa hawezi kuihisi. Akiiacha leo, kesho haumwi, wiki ijayo haumwi, na pengine miezi ikapita vivyo hivyo, hata akaamini kwa ushahidi wa mwili wake mwenyewe kwamba alikuwa anameza bure. Kumbe uvimbe unaweza kuanza ndani kabla hajahisi lolote, na ndiyo maana madaktari hupima kwenye choo kalprotektini, protini inayoonyesha uvimbe wa utumbo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana waliokuwa wametulia, ukaona kwamba wasiotumia mesalazini ipasavyo walikuwa na hatari zaidi ya mara 5 ya kuugua tena.

Halafu kuna dawa yenyewe ilivyo. Gramu 2.4 kwa siku, zikiwa katika vidonge vya miligramu 400, ni vidonge 6 vikubwa, na mtu aliyegawiwa kumeza mara tatu hulazimika kuvitoa mfukoni mbele ya wenzake kazini. Ile ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa ina adha zaidi: ulale ubavu wa kushoto, uibane usiku kucha, na asubuhi ukute shuka lina madoa, pengine mwenzi wako yuko pembeni. Sijui ni wangapi wanaoweza kumweleza daktari jambo hilo bila kuona haya. Inasikitisha, kwa sababu mesalazini ya vidonge ikimezwa yote mara moja kwa siku hufanya kazi sawa na iliyogawanywa, na mgonjwa angeweza kupunguziwa usumbufu huo kwa kuuliza tu.

Woga nao una nafasi yake. Aliyewahi kutumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, akavimba uso, akakosa usingizi na kunenepa, huihamishia chuki hiyo kwenye kila dawa inayofuata, hata isiyo na madhara hayo. Azathioprini, dawa ya kushusha kinga ya mwili, huchukua miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuleta nafuu, lakini kichefuchefu chake huweza kuanza mapema, na karatasi iliyomo kwenye pakiti imeandikwa saratani. Mjamzito huacha dawa ili kumlinda mtoto, ingawa kwa dawa nyingi za ugonjwa huu, ukiondoa chache kama methotrexate, dawa nyingine ya kushusha kinga ambayo mjamzito haruhusiwi kabisa, ugonjwa ukiachwa uwake ndio wenye hatari zaidi kwa mimba. Wako pia wanaokatiza infliximab, dawa ya kibayolojia inayotolewa kwa sindano, kwa kushindwa kumudu gharama, na wakirudi kwayo baadaye huenda wakakuta mwili umeshatengeneza kingamwili za kuipinga.

Ningependa mgonjwa aulizwe ni dozi ngapi hakutumia wiki iliyopita na nini kilimzuia, kwa sauti isiyo ya karipio. Anayekaripiwa hudanganya, na daktari aliyedanganywa huamini kwamba mesalazini imeshindwa, kisha humwandikia dawa kali zaidi ya kushusha kinga ya mwili ambayo huenda hakuihitaji.