Pwani ya vimbunga: anayebaki na anayelaumiwa

Kimbunga kikubwa kinapopiga Florida au Louisiana, hata matope hayajakauka, swali huwa lile lile: kwa nini watu wale bado wanaishi pale? Ndani ya swali hilo mna hukumu, kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki unajulikana, huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, na Septemba ndiyo mbaya zaidi. Nani atasema hakujua?

Hoja hiyo siipuuzi, hasa inapofika kwenye fedha. Tangu 1968 serikali ya Marekani ina mpango wake wa bima ya mafuriko, na kwa miaka mingi wengi walilipa ada isiyolingana na hatari waliyokaa nayo. Mwaka 2017 Bunge la nchi hiyo lililazimika kuufutia mpango huo deni la dola bilioni 16. Mzigo huo umemwangukia mlipa kodi, hata yule anayeishi bara ambaye hajawahi kuiona bahari. Nyumba imezama, imelipiwa, imejengwa pale pale, imezama tena. Mwenye jumba la mapumziko ufukweni akiambiwa abebe gharama yake mwenyewe, sioni kosa liko wapi.

Ila wanaosema “wahame” wana kawaida ya kutotaja pa kuhamia. Asheville, mji wa milimani huko North Carolina, uko mamia ya kilomita kutoka baharini na ulikuwa na sifa ya kuwa kimbilio salama dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Septemba 2024 mabaki ya kimbunga Helene yakaufikia, mito ikafurika, vitongoji vikasombwa, na maji safi ya bomba yakakosekana kwa wiki nyingi. Tatizo mojawapo ni kwamba ngazi za vimbunga, kuanzia ya kwanza (kilomita 119 kwa saa) hadi ya tano (252 na zaidi), hupima upepo tu. Maji hayamo kwenye kipimo hicho, na maji ndiyo huua watu wengi zaidi. Harvey ya 2017 ilikuwa imeshapungua nguvu za upepo ilipoizamisha Houston; sehemu moja ya Texas ilipata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa siku chache.

Halafu kuna suala la nani hasa hubaki. Katrina iliipiga New Orleans Agosti 29, 2005. Amri ya kuondoka ilikuwa imetolewa, lakini maelfu ya familia hazikuwa na gari, na mwisho wa mwezi mifuko ya wengi ilikuwa mitupu. Isitoshe, asilimia 80 hivi ya mji ilifurika kwa sababu kuta za kuzuia maji, zilizojengwa na kitengo cha wahandisi wa jeshi la Marekani, zilibomoka. Aliyenunua nyumba nyuma ya ukuta wa serikali, akaamini ukuta wa serikali, tumwambie alijitakia? Wiki chache baadaye ikaja Rita. Safari hii watu walikimbia kwa mamilioni, magari yakasimama barabarani kwenye joto kali, na makumi walikufa katika kule kukimbia kwenyewe.

Kati ya kuhama na kufa maji ipo njia ya tatu, nayo ndiyo inayonivutia: kujenga kwa akili. Galveston, mji wa pwani ya Texas, ilipoteza watu wasiopungua 6,000 kwa kimbunga cha mwaka 1900. Walionusurika walijenga ukuta mrefu wa bahari, kisha, jambo ambalo hadi leo linanishangaza, wakauinua mji wenyewe: majengo yakapandishwa kwa jeki, mchanga uliochanganywa na maji ukapigwa pampu chini yake. Kimbunga kingine kikali kilipokuja mwaka 1915, waliokufa mjini walikuwa wachache mno. Florida nayo, baada ya Andrew kuvunjavunja nyumba mwaka 1992, ilipitisha kanuni kali za ujenzi zilizoanza kutumika jimbo zima mwaka 2002. Ian ilipopita mwaka 2022, mji mpya wa Babcock Ranch, uliowekwa mbali na ufukwe na unaotumia umeme wa jua, haukuzimika taa.

Lakini nyumba mpya ni ya mwenye fedha. Wa nyumba ya trela au ya kurithi hubaki na paa lake la zamani. Na pale ambapo kuhama hakukwepeki, kuhama kwa utaratibu ni kazi ya miaka. Kisiwa cha Isle de Jean Charles, Louisiana, kimemezwa na maji karibu chote. Dola milioni 48 zilitengwa mwaka 2016 kwa ajili ya jamii yake ndogo, wengi wao Wahindi Wekundu, na wa kwanza wakaingia makazi mapya mwaka 2022. Hao ni watu wachache tu, na bado kuna waliolalamika kwamba hawakusikilizwa.

Kwa hiyo ningepandisha ada ya bima ilingane na hatari, huku nikijua itamuumiza nani kwanza. Sheria ya Marekani humlazimisha kuwa na bima ya mafuriko mwenye mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na serikali katika eneo la hatari. Anayenunua nyumba kwa fedha taslimu halazimishwi. Ada ikipanda, mstaafu anayekatwa mkopo kila mwezi ndiye atakayeuza, na mnunuzi atakuwa tajiri asiyehitaji benki wala bima, atakayebomoa kibanda na kujenga jumba kwenye mchanga ule ule.