Mvua ya Skegness, bati la Tandika

Wiki iliyopita tumelala siku nne kwenye karavani la jirani yangu kule Skegness, pwani ya mashariki ya Uingereza, na usiku wa pili mvua ikaanza kama saa nne hivi ikapiga mpaka alfajiri. Paa la karavani ni jembamba jamani, kila tone unalisikia. Nikashtuka saa tisa usiku, giza, watoto wanakoroma pembeni, mvua inapiga hapo juu ya kichwa, na kwa dakika nzima mimi niko Tandika nyumbani kwa baba, nasikiliza kama mama ameshatoa ndoo nje za kukinga maji. Afu nikakumbuka niko wapi, nikakumbuka na baba hayupo, usingizi ukaishia hapo.

Ndo maana naandika, kuhusu familia kusafiri pamoja kupumzika tu. Najua maneno ya sisi tulioko huku yanavyopokelewa, nitafika huko, nipeni nafasi kwanza.

Karavani ni tela la kulala, hakuna kingine. Gari ya kawaida tu, hizi za familia, inavuta kijumba chenye matairi mawili, ndani kuna jiko la gesi, kabati, viti na meza. Ikifika usiku meza inashushwa chini, mito ya viti inapangwa juu yake, hapo ndo kitanda cha watoto. Maji unaenda kuchota bombani kwa pipa la plastiki unalolibingirisha kwenye majani kama mtoto anavyosukuma tairi. Choo kina tenki lake dogo, na kila asubuhi unaona wanababa wazima na heshima zao wamebeba matenki wanaelekea sehemu ya kumwaga, wanasalimiana, mmoja anamwambia mwenzake mvua itakata saa tano. Sasa niambieni, hapo kuna anasa gani? Kuchota maji, kulala kwenye meza, choo cha kubeba. Watu wanalipia hiyo!

Na wanalipia sana. Jirani yangu (mzee mstaafu, wanangu wanamwita babu) ana kadaftari kake ka hesabu za likizo, alinionyesha. Mwaka 2022 ndo ulimtisha, petroli mwezi wa saba ilipita pauni moja na senti tisini kwa lita, mwezi wa kumi mfumuko wa bei ukafika asilimia 11.1, na gari ikivuta tela inakunywa mafuta vibaya. Kiwanja cha kupaki karavani chenye umeme Agosti ni pesa ya kukaa chini ukafikiria. Na huwezi kusema basi niende mwezi wa sita kukiwa rahisi, kwa sababu England ukimtoa mtoto shule kwa ajili ya likizo unaweza kupigwa faini, pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ukichelewa kulipa zaidi ya siku 21 inakuwa 160. Kwa hiyo wenye watoto wote wanabanana Agosti na bei zinapanda hapo hapo. Yule mzee hakuacha kwenda. Alichokata ni vingine, chipsi za kununua zikawa siku moja badala ya kila siku, zile bembea na michezo ya kulipia akafuta, akachagua kiwanja cha karibu zaidi. Safari yenyewe hakuigusa.

Nikamuuliza kwa nini, maana kwa hesabu zile mimi ningebaki nyumbani. Akaniambia baba yake alikuwa kiwandani Leicester, viwanda vya soksi na nguo za kufuma, na enzi zile wiki mbili za mwanzo wa Julai viwanda vya mji mzima vilifungwa, watu wote wakahamia pwani, ukitembea Skegness unakutana na mtaa wako wote. Sheria ya likizo yenye malipo ilipitishwa 1938, kabla ya hapo mfanyakazi wa kawaida akipumzika mara nyingi ni kwa njaa yake. Nilidhani karavani ni mambo ya matajiri yakashuka, na kweli lile la kwanza la starehe lilijengwa Bristol mwaka 1885 kwa ajili ya daktari mmoja, linavutwa na farasi wawili, hata klabu yao ilianza 1907. Lakini waliolifanya kuwa desturi ya nchi ni watu wa viwandani, watu kama baba yangu.

Baba yangu. Alifanya kazi kiwanda kimoja cha Barabara ya Pugu miaka ishirini na mbili, na likizo yake alikuwa anaiuza. Kila mwaka anaiuza. Wengi wenu mnajua hii habari, ada ya shule inakuja, kodi ya miezi sita inakuja, likizo inageuzwa hela, mtu anaendelea kuingia kazini saa moja asubuhi kama kawaida. Simlaumu, alitusomesha wote watano. Ila nimekaa kwenye lile karavani nikahesabu safari ambazo familia yetu nzima tulisafiri pamoja nikiwa mtoto. Msiba wa babu Korogwe. Arobaini ya babu Korogwe. Harusi ya shangazi Muheza. Msiba wa bibi Korogwe. Zimeisha.

Na tulikuwa tunakaa Dar es Salaam! Bahari iko pale! Watu wa huku wanaingia maji ya Bahari ya Kaskazini midomo imekuwa bluu, wanakaa ufukweni na makoti wamejikinga upepo kwa turubai, na wanafurahi, na sisi tuna maji ya uvuguvugu mwaka mzima lakini mtoto wa Tandika anayaona Idi kwa Idi. Mimi na baba baharini nakumbuka mara moja tu, Idi pili mwaka 1996. Tulivuka na pantoni kwenda Kigamboni, mama kabeba chapati kwenye hotipoti, na baba akavua viatu, akaingiza soksi ndani ya viatu, akakunja suruali mpaka magotini mara tatu tatu, vizuri kabisa kama anakunja barua, akaingia majini akasimama. Hakuogelea. Amesimama tu kashika viatu mkononi, anaangalia mbele, mawimbi yanampiga miguuni, na mimi nikaenda kusimama pembeni yake na yangu nikaikunja vile vile. Sikumbuki alisema nini. Nadhani hakusema kitu. Nina miaka zaidi ya arobaini sasa na hiyo nusu saa ndo likizo yangu na baba.

Yule mzee ana albamu nne za Skegness.

Sasa najua mnachotaka kusema. Kaka yangu mwenyewe alishaniambia, "wewe ukikaa huko kidogo unaona sisi hatujui kuishi." Kaka, sijasema hivyo na sitasema. Mimi huku nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nawaosha, nawalisha, nawageuza, na nawajua wazee ambao mwaka mzima hawajatembelewa na mtu, watoto wao wapo, wana magari, wana makaravani vile vile. Mama yangu Tandika hajawahi kulala peke yake hata siku moja toka baba afariki, wajukuu wanapokezana. Hapo mzungu hawezi kunifundisha kitu. Na hapo hapo kiwanjani siku tatu tumepaki pembeni ya familia moja, kati yetu hatua kumi, asubuhi njema, jioni njema, basi. Siku ya nne nikapika pilau nikawapelekea sahani imefunikwa, yule mama akaishika kama amekabidhiwa mtoto wa mtu, hajui aipokee au aulize bei. Kwetu hatua kumi zile sahani zingeshapishana njiani toka siku ya kwanza. Kwa hiyo tusibishane kuhusu upendo, upendo tunao.

Ninachosema ni kimoja tu. Sisi tukisafiri lazima kuwe na mtu tunayemwendea. Tunaenda kwa babu, tunaenda kwa shangazi, tunaenda msibani, tunaenda kuhesabiwa Moshi Krismasi kama majirani zetu Wachaga, ambao nawaheshimu sana kwa hilo maana nauli ya Desemba kwenda kaskazini wote tunaijua na bado wanaenda. Lakini kwenda mahali ambapo hakuna mtu, hakuna maiti, hakuna bwana harusi, baba na mama na watoto wamekaa tu wanaangaliana siku mbili tatu, hiyo tunaiona kama upungufu wa akili. Au tunaiona ni ya wenye hela.

Haya, hela. Najua hili ndo jiwe kubwa. "Nani Tandika ana gari ya kuvuta tela?" Hakuna, na sijasema mtu anunue karavani, barabara zetu na mabasi yetu yale ningeogopa mwenyewe. Lakini tuwe wakweli kwenye hela za watu wazima. Mwaka jana peke yake nimechangia harusi sita nyumbani, kwenye grupu tunakumbushwa asubuhi na jioni, majina yanapangwa aliyelipa na ambaye bado, vikao kila Jumapili, na mtu aliyekwambia hana hela ya kuwapeleka watoto Bagamoyo anatoa laki na nusu ya kadi dabo, ile ya watu wawili, kwa sababu asipotoa atasemwa. Sina ugomvi na harusi, yangu mlinichangia na sijasahau. Nauliza tu, sisi watu tunaoweza kukusanya mamilioni ndani ya miezi mitatu kwa ajili ya usiku mmoja wa ukumbini, tunashindwa vipi kukusanya ya siku mbili na watoto wetu? Daladala za Bagamoyo zinapakia pale Makumbusho. Ni kilomita kama sabini. Treni ya SGR, ile reli ya kisasa, toka 2024 inakufikisha Morogoro, daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 13,000. Mikumi barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi karibu kilomita hamsini, twiga unamwona ukiwa kwenye basi bila kulipa kitu, na ukiingia ndani kama Mtanzania unalipa kwa shilingi, sio ile bei ya mgeni. Kisiwa cha Mbudya ni boti tu toka Kunduchi. Mimi mtoto wa Dar Mbudya nimeikanyaga nikiwa na miaka thelathini na moja, nimetoka Ulaya likizo, nimevaa kofia kama mtalii kwenye mji wangu, na niliona aibu ambayo mpaka leo sijamaliza.

Na msiniambie hatuna muda. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Huku mtu wa siku tano kwa wiki ana siku 28 pia. Ishirini na nane kwa ishirini na nane! Ni kweli za huku zinahesabiwa siku za kazi na sikukuu zikiwa humo, za kwetu zinahesabiwa mfululizo, kwa hiyo kwetu ni pungufu, na ni kweli wengi wetu hatuna ajira ya mkataba, mama lishe na bodaboda hana bosi wa kumpa likizo na asipotoka leo leo hiyo hiyo hali. Huyo simsemi, naomba anisamehe kama maneno yangu yamemgusa. Nawasema wenzangu wenye barua ya ajira, wenye siku zao, ambao wakipata likizo wanamalizia msingi wa nyumba Chanika na watoto wanabaki na katuni. Nyumba ni muhimu, nyumba ya baba ndo imetuhifadhi. Ila ile nyumba yote, matofali yake na bati lake, naitoa kwa Idi pili nyingine kumi za Kigamboni. Nimesema na narudia, naitoa.

Mke wangu anasema nimekuwa mkali sana juu ya jambo hili toka turudi Skegness, labda. Mwanangu wa kati, miaka minane, siku ya mwisho mvua inanyesha tumefungiwa wote ndani tunacheza karata, hakuna intaneti ya maana, kaniuliza, "Baba, kumbe unajua kucheza?" Miaka minane tunaishi nyumba moja.

Desemba tunakuja nyumbani Inshallah. Nimeweka kwenye grupu la familia, siku mbili Bagamoyo, wote, wakubwa na watoto, nimeshaulizia vyumba, sio hoteli kubwa, vyumba vya kawaida, magodoro chini kwa watoto kama tulivyozoea. Asubuhi tutatembea mpaka Kaole tuone yale magofu, jioni ufukweni tunakaa. Kaka kaweka dole gumba bila neno. Dada kauliza kama kuna kikao. Mama hajui kuandika kwenye simu, akatuma sauti, nimeisikiliza mara nyingi nikiwa zamu ya usiku. Anasema, "Mwanangu, nimesikia Bagamoyo. Sasa Bagamoyo tunaenda kwa nani?"

Nikamjibu hatuendi kwa mtu mama, tunaenda sisi tu.

Akakaa kimya kama saa nzima hivi, afu ikaja nyingine fupi. "Haya. Nibebe hotipoti ile kubwa?"