Kijiti cha Bergen na Sifa ya Uchawi wa Runi

Ukitaja runi, herufi za kale za Ulaya ya kaskazini, wengi humwona mganga wa kale wa Skandinavia akipiga ramli kwa vijiti. Picha hiyo ina msingi. Neno lenyewe katika lugha za kale za jamii ya Kigermanik lilibeba maana ya siri, na mashairi ya Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia, yanasimulia mungu Odin alivyoning'inia mtini usiku tisa ndipo akazipata. Kwenye kipande cha mfupa cha Lindholmen, kusini mwa Sweden, herufi moja imerudiwa mara nane mfululizo bila kuunda neno. Jiwe la runi la Björketorp, pia huko Sweden, linamlaani waziwazi atakayelivunja. Anayesema runi zilitumika kwa uganga ana ushahidi.

Tatizo ni kuruka kutoka "zilitumika kwa uganga" hadi "ziliundwa kwa uganga". Miongoni mwa runi za kale kabisa zilizopatikana ni zile za kitana cha Vimose, Denmark, cha takriban mwaka 160. Zimeandika neno moja tu, harja, ambalo huenda ni jina la mtu. Ni kitana cha kuchania nywele!

Kisha kuna Bergen. Mwaka 1955 moto uliteketeza sehemu ya Bryggen, bandari ya zamani ya wafanyabiashara katika mji huo wa Norway. Wataalamu walipochimba pale, udongo wenye unyevu ulikuwa umehifadhi vijiti na mifupa yenye maandishi ya runi, karibu 670, mengi yakiwa ya karne ya 12 hadi ya 14. Karibu 670, kutoka bandari moja! Vingine ni vibao vya kufunga kwenye mizigo, vyenye jina la mwenye mali. Kwenye kijiti kimoja, Tore Fager anamwandikia mshirika wake Havgrim kwamba mambo yamemwendea vibaya: bia hakuipata, wala samaki. Barua ya mtu aliyekwama kibiashara, imechongwa kwa kisu.

Upande wa pili, wa wanaosema runi ziliundwa kwa uganga, una hoja nzito hapa. Bergen ni ya miaka elfu moja baada ya kitana kile, Norway ilikwishaingia Ukristo, kwa hiyo haiwezi kutoa ushahidi kwa niaba ya waliobuni runi. Ni kweli. Lakini tazama umbo la herufi zenyewe: mistari ya wima na ya mshazari, ya kulala karibu hakuna. Ukichonga mstari unaofuata nyuzi za mti, unapotea ndani yake au mti unapasuka. Kwa maoni yangu, waliozibuni walikuwa na mti mkononi, na mti huoza. Kilichobaki zaidi ni mawe na vito, yaani vitu vya makaburi, wakuu na viapo. Tukihukumu kwa hivyo peke yake, lazima tuone siri kila mahali.

Na Bergen haikuufuta uganga. Kijiti kimoja cha palepale kina maneno ya kujikinga na mazimwi. Kalamu ilikuwa ileile, kisu, na aliyehitaji kinga alichonga kinga.

Kijiti ninachokirudia zaidi kina ujumbe mfupi: Gyda anasema urudi nyumbani. Pameandikwa pia maneno mengine, ambayo wataalamu hawajafanikiwa kuyasoma.