Kabla Hujamchinja Jike, Mtazame Dume

Wiki jana jirani yangu hapa Kajulu, Kisumu, mama mtu mzima ambaye sote twamwita Dani, alinionyesha sungura wake wawili. "Hawa ni tasa, mwanangu. Jumapili tunawala."

Nilimsihi asiwaguse. Mimi nilishachinja majike watatu kwa kosa lisilo lao, na mpaka leo linaniuma.

Sungura jike hana siku za kutafuta dume kama ng'ombe. Mayai yake hayatoki mpaka apandwe. Ni baada ya muda wa saa kumi hivi ndipo yanapoachiliwa. Ngamia yuko hivyo, na alpaka, mnyama wa jamii ya ngamia wa milima ya Andes kule Peru, pia, ingawa alpaka hulala na dume dakika 20 au zaidi na sungura humaliza kwa sekunde chache. Alpaka aliyeshika mimba humkimbia dume na kumtemea mate, nao wafugaji huichukua hiyo kuwa dalili.

Kwa sungura, kukataa dume pekee hakutoshi kuthibitisha mimba. Akipandwa na dume asiye na mbegu hai, mayai hutoka vilevile na mwili huamini una mimba. Wangu alijing'oa manyoya ya kifuani mpaka ngozi ikaonekana, akayabeba kwa mdomo, akayapanga kwenye kona ya sanduku. Nilikesha nikingoja watoto. Hakuna aliyezaliwa. Baadaye sana nilipotazama kalenda niliona ilikuwa siku ya 17 tu. Mimba ya kweli ni siku 31 hivi. Ningekuwa nahesabu, ningemshuku dume palepale.

Dume huyo nilimnunua Bahati, Nakuru, kwenye baridi, nikamleta Kisumu na kumweka chini ya bati tupu. Saa nane mchana bati lile huwezi kulishika. Sungura hatoi jasho la kumpoza. Hutegemea masikio yake kupunguza joto. Likikaa juu ya nyuzi 30 siku baada ya siku, mbegu hupungua na kudhoofika, huku dume akipanda kwa hamu ileile. Kwa sababu hiyo hakuna anayemshuku. Na mbegu mpya huchukua wiki 7 hivi kukomaa, kwa hiyo jua la Februari laweza kukuharibia uzazi mpaka Aprili.

Aliyeniuzia alinifundisha kuhusu pelleti, chakula cha sungura cha dukani, na kuhara, lakini kuhusu kivuli hakusema neno. Naona ni kosa kubwa kumuuzia mtu wa kandokando ya ziwa dume bila kumwambia hilo. Na tabia hii ya kumlaumu jike kwanza tunaijua vizuri. Wako akina mama waliofukuzwa kwenye ndoa kabla mume hajapimwa.

Nilihamishia kizimba chini ya mwembe, nikatandaza makuti juu ya bati, nikangoja miezi miwili. Kisha nikapandisha tena, asubuhi na mapema. Siku ya 13 nilimpapasa jike tumboni polepole, nikahisi vitu vidogo vya mviringo kama gololi, vikiteleza chini ya vidole.

Dani alikubali kungoja. Jumamosi vijana wake walibeba kizimba cha dume hadi upande wa mti, na majike wale wawili bado wanakula majani yao.