Kichanga wa siku 40 si wa siku 7

Zile picha za vichanga zinazosambaa mtandaoni, mtoto kajikunja kama bado yuko tumboni, mikono chini ya shavu, kalala fofofo, nyingi hupigwa kati ya siku ya 5 na ya 14. Kwa umri huo mtoto hulala sehemu kubwa ya siku na mwili wake bado unapenda kujikunja. Huku kwetu familia nyingi hazimtoi mzazi na mwanawe mpaka arobaini ipite. Kwa hiyo anayefikishwa studio pale Mwanjelwa, Mbeya, ana karibu wiki 6, na wiki ya 6 ndiyo kilele cha kilio: kwa watoto wengi kilio huanza kupanda wiki ya 2 au ya 3, hufika juu kabisa karibu na ya 6, kisha hushuka kuelekea mwezi wa 3 au wa 4. Hapo ndipo mpiga picha anapotaka mkao wa siku ya 7. Mtoto akikataa, anaitwa msumbufu, au inasemekana ana chango. Mimi naona hapo msumbufu ni mpiga picha.

Njia ni mbili. Ya kwanza, mfuate mtoto nyumbani ndani ya wiki mbili za mwanzo, ikiwa wazee wa nyumba wameridhia. Nenda peke yako au na msaidizi mmoja, usiende na mafua, usijipulizie manukato, osha mikono kwa sabuni kabla hata ya kufungua begi la kamera. Ya pili, kama arobaini imepita, achana na mikao ya kujikunja. Mpige picha akiwa macho, kifuani kwa mama au begani kwa bibi yake. Wa wiki 6 ameshaanza kukazia watu macho, na pengine akakupa tabasamu ambalo wa siku 7 hana.

Sasa baridi. Mbeya mjini pako mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Makete na Njombe tusiseme. Chumba cha kumvulia nguo kichanga kinatakiwa kiwe na nyuzi 25 hadi 27, na ukipime kwa kipimajoto kilichowekwa usawa wa kitanda cha mtoto. Wewe umevaa sweta na umetoka kubeba taa, kwa hiyo hisia zako si kipimo. Washa hita nusu saa kabla, iwe mita moja na nusu au zaidi kutoka kwa mtoto, upepo wake usimpige moja kwa moja. Hita ya wati 2,000 hula uniti 4 za umeme wa LUKU kwa saa mbili. Ziweke kwenye bei.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata likiwa limeiva na halitoi moshi. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuka, na chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi ndicho kinachoikusanya. Umeme ukikatika, ahirisha. Pasha blanketi kwa chupa ya maji ya moto, uitoe kabla ya kumlaza, kisha bonyeza blanketi kwa upande wa ndani wa kiganja ujue kama halichomi.

Kujua kama ana baridi, usishike vidole. Mikono na miguu ya kichanga mara nyingi hupoa hata akiwa sawa. Gusa shingo kwa nyuma au kifua. Shingo ikiwa na unyevu na mashavu mekundu, joto limezidi. Ngozi ikiwa na madoa kama ramani na kifua kimepoa, mrudishe kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kamera isubiri. Bibi akisema, "Mwanangu, huyo ana baridi," gusa shingo kwanza ndipo umjibu. Mara nyingi yuko sahihi, ila mabibi wa nyanda za juu nao hawakawii kumvika mtoto sweta mbili na kofia, na kumvua vyote kwa mpigo ndiko kunakomliza. Vua kipande kimoja kimoja, huku kanga imemfunika.

Shibe hutangulia usingizi. Mama anyonyeshe hapohapo, kila ziwa mpaka mtoto aliachie mwenyewe, na hilo laweza kuchukua nusu saa au zaidi. Kisha mcheulishe wima begani, dakika 10, bila kumpigapiga kwa nguvu. Wapiga picha wengi huruka dakika hizo 10, kisha mtoto akilazwa chali anakunja magoti, anajinyonganyonga na kupiga kelele. Hewa imebaki tumboni. Usimpe maji, sukari wala dawa ya chango ili atulie. Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu, na dawa ni kazi ya mhudumu wa afya.

Baada ya hapo mviringishe kwa kanga laini iliyofuliwa: mikono ndani, kifua kisibanwe kiasi cha kushindwa kuingiza vidole viwili, nyonga na magoti viwe huru kukunjika. Kubana miguu ikanyooka kama fimbo ni vibaya kwa nyonga. Mshike wima, mguno wa "shhh" mrefu, au sauti ya mvua kwenye simu iliyowekwa mita 2 mbali, isizidi sauti ya maongezi ya kawaida. Mwendo uwe wa polepole, kama mama anavyombembeleza mgongoni kwa mbeleko. Usimtikise, hata ukiwa umechoka.

Akifumba macho, usimlaze. Dakika 15 hadi 20 za mwanzo usingizi ni mwepesi: macho yanacheza ndani ya kope, pumzi haina mpangilio, mdomo unatabasamu. Inua mkono wake kidogo. Ukidondoka kama kitambaa kilicholowa, tayari. Anza na makalio, fuata mgongo, kichwa mwisho, na uache viganja vyako juu yake dakika nzima. Kichwa kikitangulia, anahisi anaanguka, anatupa mikono pembeni na kuamka. Ni mshtuko wa asili, kila kichanga anao, na kosa hapo ni la aliyemlaza.

Mwanga wa dirisha unatosha; kamera iwe kwenye f/2.8 (uwazi wa lenzi), 1/200 (kasi ya shata), ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 800 hadi 1600. Kitanda kikae mita moja kutoka kwenye kioo, maana vioo vya vipande hupitisha upepo. Vikapu vya milulu vya Iringa hupendeza sana kwenye picha, ila ukingo wake hukwaruza ngozi na chini ni vyepesi. Tandika blanketi nene, weka mfuko wa mchanga wa kilo 2 au 3 chini yake, na mkono wa mtu usiwe mbali na mtoto. Ule mkao wa kidevu juu ya viganja si picha moja. Hushikwa kichwa kwanza, kisha viganja, picha mbili zikaunganishwa kwa kompyuta. Asiyejua kuunganisha asiuguse.

Akilia tena, fuata mpangilio: anatafuta ziwa kwa mdomo? nepi? gesi? baridi? Kama vyote viko sawa, amechoshwa na mikono mingi. Zima muziki, toa mashangazi nje, mwache na mama dakika 20. Akikataa kunyonya kabisa, mwili ukiwa wa moto, au kilio kikiwa cha juu kisichokatika, hapo ni kituo cha afya.

Kuna jambo la bei pia. Anayelipisha kwa idadi ya picha lazima aharakishe, na haraka yake inaingia hadi mikononi. Lipisha kwa muda, saa 3, nusu yake ikiwa ya kunyonyesha na kusubiri, na uandike kwenye risiti kwamba mtoto akikataa siku hiyo, kuna siku ya pili isiyolipiwa.